Mbunge asiye na jimbo mbele ya wanaume zaidi ya 200: Njoki Ndung'u na sheria ya ubakaji, Kenya 2006

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mtoto anaponajisiwa huku kwetu Pwani na habari ikafika redioni, wanasiasa huja nyumbani kwa familia na kamera nyuma yao. Wanatoa pole, wanaapa kwamba mhusika atakiona, wanaacha bahasha, wanaondoka. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nafuatana na familia hizi Kwale na Mombasa tangu ripoti ya polisi mpaka hukumu. Mbele ya hakimu sijawahi kuona pole ya mheshimiwa ikifanya kazi yoyote. Kinachofanya kazi ni vifungu, na vifungu tunavyovitumia kila siku kuna mtu aliyevibeba mgongoni mpaka vikapita. Vijana wengi wanamjua kama jaji wa Mahakama ya Upeo tu, hawajui kazi aliyoifanya kabla ya hapo. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Njoki Ndung'u aliingia Bunge la Tisa mwaka 2003 kama mbunge maalum wa NARC, muungano wa vyama uliokuwa madarakani. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mbunge maalum Kenya wakati ule aliteuliwa na chama, hakuwa na jimbo. Hana barabara ya kuzindua, hana fedha za CDF, zile za maendeleo ya jimbo, hana watu wa kuandamana akionewa. Hakuwa waziri pia. Kwa hiyo hakuwa na serikali ya kumsukumia mswada. Aliuleta kama mswada wa mbunge binafsi, na anayefuatilia Bunge anajua miswada ya namna hiyo mingi hufia njiani. Bunge lenyewe lilikuwa na wabunge 222 waliochaguliwa na kuteuliwa, na wanawake hawakufika hata 20. Fanyeni hesabu wenyewe. Hata wanawake wote wangekubaliana neno kwa neno, bado ilibidi wanaume ndio waupitishe.

Sheria iliyokuwepo ilikuwa ya mkoloni, Kanuni ya Adhabu ya 1930. Ubakaji ulikaa kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili. Hebu lifikirieni hilo. Mtu ameumizwa, lakini sheria inaona kilichoharibika ni heshima ya jamii. Ndiyo maana wazee walikaa kikao wakalipana mbuzi na kusema heshima imerudi, na sheria haikuwapinga sana. Mvulana akifanyiwa, kosa lake lilitafutwa kwenye vifungu vingine kabisa, kwa sababu aliyeweza kubakwa kisheria ni mwanamke peke yake. Mpaka 2003 msichana aliyelindwa dhidi ya kunajisiwa alikuwa wa chini ya miaka 14, ndipo wakapandisha hadi 16. Adhabu ya juu ilikuwa kali kwenye karatasi, maisha kwa ubakaji, lakini hapakuwa na kiwango cha chini. Hakimu aliyemhurumia mshtakiwa kuliko mtoto aliweza kutoa miaka michache na mambo yakaisha. Kwa miaka mingi pia mahakama zilidai ushahidi wa kuunga mkono maneno ya mwanamke, eti ni hatari kumwamini peke yake. Mahakama ya Rufaa ilikuja kusema, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba sharti hilo ni ubaguzi na linapingana na Katiba.

Sasa fikeni bungeni, Aprili 2006. Hofu iliyosemwa waziwazi na wabunge wanaume ilikuwa kwamba mtu atafungwa kwa kutongoza. Mmoja alisimama akadai mwanamke wa Kiafrika hukataa hata pale anapotaka, kwa hiyo sheria hii itaua uchumba. Wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira. Jina la mbunge huyo siliandiki, sitaki uzi uwe wake. Ila kumbukeni kwamba wakati mheshimiwa anasema hayo, mswada uliokuwa mezani ulikuwa na vifungu vya watoto wa miaka 11 na chini.

Njoki hakuishia kwenye kutoka nje. Alirudi, akaendelea kuongea na mmoja mmoja, akakubali kuacha aliyolazimika kuyaacha, na mswada ukapita. Ulitiwa saini Julai 2006 na kuanza kutumika tarehe 21 mwezi huohuo. Ndiyo Sheria ya Makosa ya Kingono, namba 3 ya 2006.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Nieleze yaliyomo, maana watu hutaja sheria hii bila kuifungua.

Ubakaji, kuanzia miaka 10 hadi maisha. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Genge la kubaka, kuanzia 15. Mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi, si chini ya 10. Kuna na kifungu cha utalii wa ngono kwa watoto, ambacho sisi watu wa miji ya watalii kama Diani, Mtwapa na Malindi tunajua kwa nini kilihitajika. Na kote humo anayelindwa ni "mtu", awe mvulana au msichana.

Lakini miaka ya jela ndiyo watu huishika, wakati mimi naona vifungu viwili visivyosemwa sana ndivyo vilivyobadilisha kazi yangu. Cha kwanza ni cha 34. Kinamzuia wakili kumuuliza manusura amelala na nani kabla, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama na kwa sababu maalum. Kabla ya hapo dada aliingia kizimbani kama shahidi akatoka kama mshtakiwa. Cha pili ni cha 40. Kinasema uamuzi wa kuacha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono ni wa Mwanasheria Mkuu. Siku hizi, baada ya Katiba ya 2010, mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Maana yake afisa wa kituoni hana mamlaka ya kufunga faili kwa kuwa baba wa mtoto na baba wa kijana wamepatana. Chifu hana. Wazee wa mtaa hawana. Hata mama wa mtoto hana. Nimeshawasomea watu kifungu hicho kwa sauti, barazani kwa mzee, jamvi limetandikwa na kahawa imeshamiminwa, hesabu ya fidia imeanza. Watu hunyamaza, halafu mmoja huuliza, "Kwa hiyo sisi tukikubaliana haisaidii?" Haisaidii.

#3 Mdau wa Mwanza

Asante kwa darasa, mleta uzi. Ila niseme kama Mtanzania. Sisi tulitangulia. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana, SOSPA, ni ya 1998, na kubaka ni miaka 30, siyo 10. Mtoto wa chini ya miaka 10, maisha. Mwaka 2016 tukaongeza miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Je, ubakaji umekwisha huku? Kila wiki nasoma kesi. Kwangu mwanasiasa anayepitisha kifungo kirefu anatafuta sifa rahisi. Mahakimu wakiona 30 ni mingi, wanatafuta namna ya kumwachia mtu kabisa. Sijui kama huyo mama anastahili kupambwa hivyo.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mwanza, hoja yako nzito na sitaikwepa.

Ni kweli kifungo kirefu peke yake hakimlindi mtoto. Ushahidi mzuri tunao hapahapa Kenya. Mwaka 2013, Busia, msichana wa miaka 16 tuliyemjua kwa jina la bandia la Liz alibakwa na genge la vijana akatupwa kwenye shimo la choo. Sheria ilikuwa imeshatimiza miaka saba tangu ipite. Polisi waliwapa vijana waliokamatwa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, wakawaachia. Ilibidi zaidi ya watu milioni moja duniani watie saini ndipo kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja.

Lakini tazama mwaka huohuo wa 2013, Mei, Mahakama Kuu ya Meru. Wasichana walioripoti kunajisiwa na polisi wasifanye chochote waliishtaki polisi yenyewe. Mahakama ikakubaliana nao: kutochunguza ni kuvunja haki zao, na ikaamuru uchunguzi wa kweli ufanyike. Wasingeweza kusema polisi wamekiuka wajibu kama wajibu wenyewe haukuandikwa popote. Vivyo hivyo Desemba 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoilaumu serikali kwa kutowachunguzia walionajisiwa na kubakwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na manusura wanne wakapewa fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Miaka 13 wamesubiri, sisemi ni haki kamili. Nasema palikuwa na pa kushika.

Kuhusu sifa rahisi, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Sifa rahisi ni kusimama mkutanoni kusema wabakaji wahasiwe. Watu wanapiga makofi na hakuna anachopoteza. Mswada wa Njoki ulimpa maadui ndani ya Bunge lake mwenyewe, na alikuwa hana jimbo la kurudi kulilia. Baada ya uchaguzi wa 2007 hakurudi bungeni. Alikuja kukaa kwenye Kamati ya Wataalamu iliyoandika Katiba ya 2010, kisha akawa jaji mwaka 2011.

#5 Muuguzi, Kisumu

Mimi niko upande wa hospitali. Naomba niweke hapa tunayoyafanya chumbani, maana hapo ndipo kesi nyingi hufa kabla hata ya polisi.

Anayefika asioge kwanza. Najua ni jambo la kwanza mwili unalolitaka, na akishaoga bado aje, hatumfukuzi. Nguo alizovaa tunaziweka kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kila kitu huoza. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Halafu tunajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile PRC, nakala tatu: moja ya polisi, moja yake mwenyewe, moja inabaki kwetu. Hiyo yake huwa namwambia aitunze kama hati ya shamba, maana nakala nyingine zinaweza kupotea.

Watu wanadhani ni lazima waanze polisi wachukue P3, ile fomu ya polisi ya kujazwa na daktari. Hapana. Matibabu kwanza. Nimempokea msichana aliyezungushwa siku nne kutafuta karatasi, saa 72 zimeshapita. Alikuwa amekalia ncha ya kiti na kila nikiandika aliuliza, "Nimechelewa?" Hilo ndilo swali lake pekee. Sitalisahau.

Kwa Kenya namba ya bure ni 1195, na ya watoto ni 116.

#6 Baba wa kijana, Nakuru

Natoa lawama zangu kwa heshima. Nina kijana wa miaka 17, ana rafiki wa kike wa 16, wanasoma darasa moja. Kwa sheria hii wakikutwa, mwanangu anahesabiwa mnajisi na msichana ndiye mlalamishi. Miaka 15! Mnamsifu mama huyu, sisi wazazi wa wavulana tunaishi kwa hofu. Mahakama zenyewe si zilisema adhabu hizi za lazima ni kinyume cha Katiba?

#7 Wakili, Nairobi

Nikujibu mzee wangu, kwa utaratibu.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema hakimu kunyimwa hiari kabisa katika adhabu hizi ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikaanza kupunguza vifungo. Lakini Julai 2024 Mahakama ya Upeo ilirudisha miaka 20 katika kesi ya mtu aliyepunguziwa, ikasema viwango vya chini vilivyowekwa na Bunge ni halali mpaka Bunge lenyewe liviondoe au kesi ifuate njia sahihi. Kwa hiyo leo viwango viko palepale.

Kuhusu kijana wako, hofu yako ina msingi. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa waliandika kwamba umefika wakati wa nchi kujadili kwa dhati vijana wa 16 hadi 18 wanaopendana wenyewe kwa wenyewe, maana magereza yanajaa vijana wadogo. Sheria inatoa utetezi pale ambapo mtoto alimdanganya mtu kuhusu umri na mtu huyo aliamini kwa sababu za maana, lakini hiyo haimsaidii mwanafunzi mwenzake wa darasa. Kijana aliye chini ya miaka 18 ana kinga za sheria ya watoto, hapelekwi jela ya watu wazima, ila mashtaka anaweza kupata. Kinachohitajika ni kifungu kinachotofautisha wenza wa rika moja na mwanaume wa miaka 40. Hilo haliwezekani mahakamani, linawezekana bungeni tu.

#8 Mdau wa Mwanza

Nimesoma vizuri. Swali moja tu kwa mleta uzi. Umesema aliacha aliyolazimika kuyaacha. Aliacha nini? Huku kwetu, msichana wa miaka 15 aliyeolewa hana ulinzi ule alionao mwenzake wa miaka 17 ambaye hajaolewa. Sheria inamtoa aliye mke. Naomba ujibu hilo.

#9 Mleta uzi

Umegusa panapouma, na ni haki pasemwe.

Mambo mawili makubwa. La kwanza ni ndoa. Kifungu cha 43(5) kinasema maelezo ya kutenda bila ridhaa hayawahusu waliooana kihalali. Mume akimlazimisha mkewe, sheria hii inageuza uso. Bunge lile lisingepitisha mswada wenye kumgusa mume, na kifungu hicho kipo mpaka leo. Kwa dada aliye ndani ya ndoa naweza kumpa kitu kimoja. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, kwa hiyo anaweza kuomba amri ya kumlinda mahakamani. Ni amri ya kumzuia mume, siyo jela. Lakini nimeona amri hiyo ikimfanya mwanaume atoke nyumbani siku hiyohiyo akiwa na begi moja, na mke akalala usiku huo mlango umefungwa kwa ndani.

La pili liliniumiza zaidi kazini, kifungu cha 38. Walikichomeka ili kuwatuliza wanaume: anayetoa madai ya uongo apate adhabu ileile ya kosa alilolidai. Sikilizeni kilichotokea. Mama anafika kaunta na mtoto, anaambiwa na afisa kwamba ukishindwa kuthibitisha, wewe ndiye utakayefungwa miaka 20. Kushindwa kuthibitisha na kusema uongo ni vitu viwili tofauti, lakini pale kaunta nani atamfafanulia? Nilimshuhudia mmoja akimshika mwanawe mkono, akasema "Basi afande, asante," wakatoka. Kituo sikitaji, haikuwa kituo kimoja. Mpaka leo sijui mtoto yule alifikia wapi. Kifungu hicho kilifutwa 2012, na waliokifuta walilazimika kwanza kuonyesha madhara yake.

Je, angekataa kabisa na mswada ukafa? Nimejiuliza mara nyingi. Wapo wanaharakati wa wakati ule waliosema bora usipite kuliko upite hivi. Mimi nawaheshimu, lakini nasimama upande wa aliyekubali. Kila mtoto wa Kwale ambaye kesi yake imesikilizwa tangu 2006 bila wakili kumuuliza habari za mwili wake wa zamani, alisikilizwa hivyo kwa sababu mswada ulipita ukiwa na kasoro zake.

Mzee wa Nakuru, nakubaliana na wakili. Kifungu cha wenza wa rika moja kinahitajika, na kukidai hakupunguzi chochote kwa manusura. Ukitaka, tukidai pamoja.

#10 Mgeni

Samahani, nimejiunga leo tu kwa sababu ya uzi huu. Mdogo wangu alitendewa mwaka jana. Hatukwenda hospitali kwa wakati, nguo zilifuliwa. Tumeambiwa bila vipimo vya DNA hakuna kesi. Ni kweli?

#11 Mleta uzi

Pole sana, na asante kwa kuuliza.

Si kweli. Mahakama ya Rufaa iliamua hapa Mombasa mwaka 2006 kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuui kesi ya ubakaji. Inaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa na mazingira yaliyokuwepo. Kifungu cha 36 kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza DNA, hakiilazimishi. Kama mdogo wako ni mtoto, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 124 inaruhusu hakimu kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Na hakuna muda uliopita wa kumzuia kushtaki kosa hili.

Usiende peke yako. Mpelekeni hospitali hata sasa, kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya fomu. Mkifika polisi ombeni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na muiandike mahali pawili. Afisa akiwaambia mkayamalize nyumbani, mwonyesheni kifungu cha 40. Niandikie faragha kaunti mliyopo, nikutafutie msaidizi wa huko wa kufuatana nanyi kituoni.